Nani ameiamsha? Task Manager, Process Explorer, Process Monitor au Autoruns katika kusaka programu ngeni kwenye Windows

Mama mmoja mwenye steshenari karibu na stendi ya mabasi aliniita nimtazamie kompyuta yake. Hata sijaketi vizuri, akaanza.

“Mwanangu, hii mashine ina kitu. Kila asubuhi naingia Task Manager nakuta wscript.exe. Naifunga. Kesho nikiwasha, imo. Na wateja wananirudia wanalalamika, eti mafaili kwenye flashi zao yamegeuka njia za mkato tupu.”

“Shikamoo mama. Hiyo wscript ukiifunga, umewahi kuangalia nani anayeifungua?”

“Marahaba. Sasa hilo nitalionea wapi?”

Hakuwa na kosa. Mahali alipokuwa anatazama kila asubuhi hapana jibu la swali hilo, na ndivyo ilivyo kwa watu wengi. Wanaona jina wasilolijua, wanalifunga, linarudi, wanalifunga tena. Wengine wanafika hadi kupiga Windows upya kwa tatizo la dakika kumi.

Kuhusu programu ngeni inayojiendesha chinichini kuna mambo manne ya kujua. Ni faili gani hasa, na liko folda gani? Limepewa amri gani wakati wa kuanzishwa? Nani amelianzisha? Na sasa hivi linagusa nini, diski au mtandao? Zana zilizopo kwa Windows 10 na 11 zinatofautiana katika maswali zinayoweza kuyajibu. Nimeona mafundi wazuri wakipoteza mchana mzima kwa sababu waliuliza swali la tatu kwenye zana inayojibu la kwanza tu. Kwa hiyo nazilinganisha hapa kwa kipimo hicho, na uzito mkubwa nauweka kwenye swali la tatu, kwa sababu ndilo linalokomesha mambo.

Kwanza, jina halitoshi

Chukua svchost.exe, faili la Windows linalobeba huduma, yaani programu zinazojiendesha chinichini. Kompyuta nzima isiyo na ugonjwa wowote huwa nazo makumi kwa makumi. Tangu toleo la 1703 la Windows 10, lililotoka mwaka 2017, mashine yenye RAM inayozidi GB 3.5 huipa kila huduma, au karibu kila huduma, svchost yake, wakati zamani huduma nyingi zilirundikwa ndani ya moja. Kwa hiyo wingi wake si dalili ya virusi. Dalili ni svchost.exe inayotoka kwenye folda lisilo la Windows, ambayo mzazi wake, yaani programu iliyoianzisha, si services.exe, au ambayo jina lake limepindwa herufi, kama scvhost.

Vilevile usiogope kila jina la ajabu. TiWorker.exe husakinisha masasisho ya Windows. MsMpEng.exe ni antivairasi ya Microsoft Defender. SearchIndexer.exe hutengeneza faharasa ya mafaili yako ili utafutaji uwe wa haraka. CompatTelRunner.exe hukusanya taarifa za ulinganifu na kuzituma Microsoft. Zote nne zinaweza kulifanya feni lipige kelele kwa dakika kadhaa, hasa kwenye laptopu ya mtumba yenye diski ya kuzunguka, na hakuna hata moja inayokudhuru. Na csrss.exe na lsass.exe usiziguse kabisa, kwani ukiziua mashine itaanguka au kujiwasha upya.

Task Manager: ipo, na inajua zaidi ya unavyodhani

Bonyeza Ctrl+Shift+Esc. Zana hii imekuwa ndani ya Windows tangu NT 4.0 ya mwaka 1996, na ilisukwa upya kwenye Windows 8 mwaka 2012. Sifa yake kubwa ni kwamba haitaki bando wala kupakua chochote. Ukiwa kwa mteja asiye na intaneti, hiyo si sifa ndogo.

Tatizo ni kwamba watu huishia kwenye ukurasa wa kwanza, ule wenye aikoni nzuri na asilimia. Nenda kwenye kichupo cha Details. Bofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya vichwa vya safu, chagua Select columns, kisha weka tiki kwenye Image path name na Command line. Sasa unaona faili liko folda gani na limeitwa kwa maneno gani.

Kwa mama wa steshenari hatua hii peke yake ilifichua mengi. wscript.exe ni faili halali la Microsoft, lina saini, linakaa System32. Kazi yake ni kuendesha skripti za .vbs na .js, basi. Kuifunga ni kumfukuza tarishi na kumwacha aliyemtuma. Lakini mstari wa amri ulionyesha wscript.exe, kisha //B, ambayo ni amri ya kufanya kazi kimya bila kuonyesha ujumbe wa kosa, kisha njia ndefu ya faili la .vbs lililojificha ndani ya AppData\Roaming. Faili hilo ndilo lililokuwa mtenda. Antivairasi nyingi huangalia vitu hivi, ila ile ya kwake ilikuwa imezimwa zamani na mtu aliyemwekea programu za kudukuliwa.

Task Manager inaishia hapo. Haikuonyeshi mti wa mzazi na watoto, kwa hiyo hujui nani kaanzisha nani. Kichupo chake cha programu za kuwaka huorodhesha sehemu chache tu, wala hakigusi kazi zilizopangwa kwenye Task Scheduler, ratiba ya Windows ya kuanzisha programu, wala huduma. Programu iliyokwisha kufa haimo tena, haikuacha alama. Halafu kuna programu za kuchimba sarafu za kidijitali zilizoandikwa kwa ujanja wa kunyamaza kila unapofungua Task Manager. Feni linavuma, unafungua dirisha, kimya. Unafunga, linavuma tena. Hilo likikutokea, usiridhike na ulichokiona. Hamia zana nyingine.

Resource Monitor: kwa anayeliwa bando

Andika resmon kwenye kisanduku cha kutafutia. Nayo ipo tayari. Sitaisema kwa urefu kwa sababu kazi yake ni moja hasa. Kwenye kichupo cha Network inaonyesha kila programu, inatuma baiti ngapi kwa sekunde, inapokea ngapi, na inazungumza na anwani ipi. Ukiwa unatumia simu kama modemu na GB mbili zimeyeyuka kabla ya saa sita mchana, anza hapa. Mara nyingi utakuta ni svchost yenye huduma ya masasisho, au programu ya kuhifadhi picha mtandaoni. Dawa yake si kuua kitu bali ni kuuambia Windows kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo: kwenye mipangilio ya Wi-Fi hiyo, washa Metered connection.

Inakosa kumbukumbu. Inakuonyesha sasa hivi, haijui ya usiku. Ila ina kitu kizuri ambacho Task Manager haina: unaweza kuisimamisha programu bila kuiua, kwa amri ya Suspend Process. Nitalirudia hilo.

Process Explorer: mti wa ukoo

Kama ningeruhusiwa kubeba zana moja tu kwenye flashi, ningebeba hii. Inatoka kwenye mkusanyiko wa Sysinternals, ulioanzishwa mwaka 1996 na Mark Russinovich na Bryce Cogswell. Microsoft iliinunua kampuni yao Julai 2006, na tangu hapo zana hizi zinapatikana bure kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe. Zipakue huko tu. Ukikuta tovuti nyingine inayokupa Process Explorer na kisakinishi juu yake, achana nayo, kwa sababu hii haisakinishwi. Ni faili moja la MB chache, unalifungua, linafanya kazi. Liendeshe kama Administrator, vinginevyo nusu ya taarifa zitafichwa.

Kwanza inakupa mti. Kila programu imeingizwa chini ya mzazi wake, na mzazi husema mengi:

Mzazi akiwa explorer.exe, basi programu imeanzishwa na mtu aliyeibofya, au imeorodheshwa kwenye folda la Startup au kwenye funguo za Run katika Rejista, hifadhi ya mipangilio ya Windows. Akiwa services.exe, hiyo ni huduma, itafute kwenye orodha ya huduma. Akiwa svchost.exe, elekeza mausi juu ya hiyo svchost uone inabeba huduma gani. Ikiwa ni Schedule, basi programu yako ni kazi iliyopangwa kwenye Task Scheduler. Ikiwa ni DcomLaunch, kuna programu nyingine iliyoiomba kupitia COM, njia ya programu za Windows kuitana, na hapo safari ni ndefu kidogo. Akiwa WmiPrvSE.exe, imeanzishwa kupitia WMI, mfumo wa Windows wa kusimamia mashine, na kwenye kompyuta ya nyumbani hilo linastahili kuchunguzwa kwa umakini. Akiwa ni Word au Excel na mtoto ni cmd au powershell, chomoa waya wa mtandao kwanza, maswali baadaye.

Pili, inapaka rangi. Pinki ni huduma, samawati hafifu ni programu zinazoendeshwa chini ya jina lako, kijani ni iliyozaliwa sasa hivi, nyekundu ni inayokufa. Zambarau ni faili lililofungashwa au kubanwa. Programu halali nazo hubanwa, lakini virusi hupenda sana vazi hilo, kwa hiyo ukiona zambarau usiyoijua iangalie.

Tatu, ukibofya mara mbili juu ya programu, kichupo cha Image kina mstari unaoitwa Autostart Location. Kama inawaka kutoka sehemu inayofahamika, jibu la swali la tatu limeandikwa pale pale, pamoja na kitufe cha kukupeleka. Ni taarifa ndogo kwenye kona ya dirisha ambayo imeniokolea saa nyingi kuliko kitu kingine chochote kwenye zana hii.

Nne, ina alama ya shabaha kwenye upau wa juu. Dirisha la ajabu likitokea kwenye skrini, buruta shabaha hiyo uiweke juu ya dirisha, na Process Explorer itakuonyesha ni la nani.

Tano, inaweza kukagua saini za kidijitali na kuuliza VirusTotal, tovuti inayopima faili kwa antivairasi nyingi kwa pamoja. Inatuma alama ya utambulisho ya faili, si faili lenyewe, isipokuwa ukiruhusu, kwa hiyo haili bando. Utapata namba kama 0/72. Injini moja au mbili zikisema ni virusi kati ya sabini, mara nyingi ni kengele ya uongo. Zikisema thelathini, amini. Lakini tahadhari: kwa mama wa steshenari, VirusTotal ilisema wscript.exe ni safi, saini ikasema Microsoft, na yote mawili yalikuwa kweli. Ukaguzi huo unaangalia faili la .exe, hauangalii skripti iliyobebwa. Vivyo hivyo kwa powershell.exe, rundll32.exe, mshta.exe na cmd.exe. Ukikuta mojawapo ya hizi, saini yake isikutulize. Soma mstari wa amri.

Sasa kuhusu kusimamisha. Kuna virusi vinavyokaa wawili wawili. Ukimwua mmoja, mwenzake anamfufua ndani ya sekunde. Njia iliyozoeleka ni kuwasimamisha wote kwanza kwa Suspend, ndipo uwaue mmoja baada ya mwingine. Aliyesimamishwa hajui kama mwenzake kafa.

Pungufu lake ni lipi? Mzazi akishakufa, Process Explorer haiwezi kukuambia alikuwa nani. Inaandika tu kwamba mzazi hayupo tena, na namba yake. Na programu inayozaliwa na kufa ndani ya nusu sekunde utaiona kama mmweko wa kijani na nyekundu, ukipepesa macho imekupita.

Process Monitor: kwa kinachotokea na kutoweka

Hii ni ya watu wenye malalamiko ya aina moja: “Kuna dirisha jeusi linamweka kwenye skrini halafu linapotea, silisomi hata neno moja.” Lalamiko hilo ni la kawaida kuliko unavyodhani. Mwaka 2017 watumiaji wengi wa Office waliliona dirisha la namna hiyo kila saa, wakadhani wamevamiwa. Ilikuwa ni kazi ya Office yenyewe iliyopangwa kwenye Task Scheduler, OfficeBackgroundTaskHandlerRegistration, na ikaja kurekebishwa kwa sasisho.

Process Monitor nayo ni ya Sysinternals, ilitoka mwaka 2006 ikirithi zana mbili za zamani, Filemon na Regmon. Inaandika kila faili linalofunguliwa, kila ufunguo wa Rejista unaoguswa, kila programu inayozaliwa. Ni nyingi mno. Ukiifungua bila mpango utapata mistari laki kadhaa ndani ya dakika moja, na RAM itajaa. Hapo ndipo wengi huikimbia. Wanaikosea haki, kwa sababu inahitaji hatua tatu tu.

Fungua kama Administrator. Bonyeza Ctrl+L, weka kichujio kimoja: Operation, is, Process Create, Include. Kisha kwenye menyu ya Filter washa Drop Filtered Events, ili visivyokuhusu vitupwe badala ya kuhifadhiwa. Iache ifanye kazi, endelea na shughuli zako. Dirisha jeusi likimweka, rudi usome mstari wa mwisho. Safu ya Process Name ni jina la mzazi, na kwenye safu ya Detail kuna mstari wa amri wa mtoto, mzima, tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Ctrl+T itakupa mti wa programu zote zilizopita tangu uanze kurekodi, hata zilizokufa. Kipande hiki Process Explorer haina.

Nilikutana na ofisi moja ambayo kwenye mashine zao dirisha jeusi lilikuwa linamweka kila baada ya dakika kumi na tano. Kwa miezi waliambiwa ni virusi, wakanunua antivairasi mbili. Kwa kichujio hicho ilichukua dakika kumi na tano, yaani kusubiri mmweko mmoja. Mzazi alikuwa svchost yenye Schedule, mtoto alikuwa cmd.exe inayoita faili la .bat lililoachwa na programu ya printa waliyoiondoa zamani. Kisakinishi kiliondoka, kazi ya ratiba ikabaki. Tukaifuta kwenye Task Scheduler, kwisha.

Kinachowaka kabla hujaingia na nenosiri, Process Monitor inaweza kukirekodi pia kwa Enable Boot Logging. Washa, anzisha mashine upya, fungua zana, hifadhi rekodi. Faili litakuwa kubwa, kwa hiyo uwe na nafasi kwenye diski.

Kinachotokea mara moja kwa wiki ni suala jingine. Usiiache Process Monitor siku saba. Afadhali uwashe ukaguzi wa Windows wenyewe, Audit Process Creation, na sera ya kuandika mstari wa amri pamoja nao. Kila programu inayozaliwa itaandikwa kwenye logi ya usalama kama tukio namba 4688, pamoja na jina la mzazi, hata kama wewe umelala.

Autoruns: mizizi

Zana nne zilizotangulia huangalia kinachoishi. Autoruns huangalia kila mahali kinapoweza kuzaliwa. Funguo za Run, folda la Startup, huduma, madereva ya vifaa, kazi zilizopangwa, viongezeo vya Explorer, WMI, na sehemu kadhaa ambazo hata mafundi wakongwe hawazikumbuki kwa kichwa. Task Manager inakuonyesha mlango wa mbele. Hii inakuzungusha nyumba nzima, hadi dirisha la choo.

Orodha yake inatisha mara ya kwanza. Ipunguze: kwenye Options washa Hide Windows Entries, na ndani ya Scan Options washa Verify Code Signatures, kisha isome upya. Mistari ya pinki haina mchapishaji anayethibitika. Ya njano inaelekeza kwenye faili ambalo halipo tena, mara nyingi mabaki ya programu iliyoondolewa. Ukitoa tiki umezima tu, na unaweza kuirudisha. Ukifuta umefuta. Toa tiki kwanza, washa upya, kaa nayo siku mbili tatu, ndipo ufute. Ukizima dereva usiyoijua unaweza kushindwa kuwasha Windows, kwa hiyo vichupo vya Drivers na Winlogon viache mpaka uwe na hakika.

Haikuambii kitu hicho kinafanya nini wakati huu, na programu iliyoanzishwa na programu nyingine, bila kujiandikisha popote, haitaonekana. Ndiyo maana sipendekezi kuanza nayo. Unaanza kwa kumjua mtu, ndipo unatafuta nyumba yake.

Kwa jicho moja

| Zana | Ipo tayari? | Mzazi | Iliyokwisha kufa | Inapowakia | Ifungue ukiwa na swali hili |
|---|---|---|---|---|---|
| Task Manager | Ndiyo | Hapana | Hapana | Kidogo | Ni faili gani na imeamriwa nini? |
| Resource Monitor | Ndiyo | Hapana | Hapana | Hapana | Nani anakula bando au diski? |
| Process Explorer | Pakua | Ndiyo, akiwa hai | Hapana | Kwa kila programu | Nani kaianzisha? |
| Process Monitor | Pakua | Ndiyo | Ndiyo, ukiwa unarekodi | Hapana | Nini kinamweka na kutoweka? |
| Autoruns | Pakua | Hapana | Haihusiki | Karibu zote | Kwa nini inarudi kila nikiwasha? |

Mtu anayependa amri badala ya madirisha anaweza kupata mambo matatu ya kwanza kwa PowerShell, bila kupakua kitu: Get-CimInstance Win32_Process | Select-Object ProcessId, ParentProcessId, Name, ExecutablePath, CommandLine. Ni nzuri hasa kwa mashine za mbali, au unapotaka kuhifadhi orodha kwenye faili. Kipo pia System Informer, ambacho hadi mwaka 2022 kilijulikana kama Process Hacker. Ni programu huria, ina nguvu, na wapo wanaoipenda kuliko Process Explorer. Mimi siipeleki kwa wateja, kwa sababu baadhi ya antivairasi huipigia kelele, na mteja anayeona onyo jekundu kwenye zana ya fundi haamini tena kazi inayofuata.

Uchague ipi?

Kwa mtumiaji wa kawaida nyumbani, ushauri wangu ni Task Manager yenye safu ya Command line, na hiyo ikishindikana, Process Explorer. Hizo mbili zinamaliza sehemu kubwa ya mambo. Process Monitor usiipakue mpaka uwe na lalamiko la kumweka na kutoweka, maana bila lalamiko hilo itakuchosha bure.

Kwa mwenye ofisi ndogo, steshenari au chumba cha intaneti, mashine inayopokea flashi za watu usiku na mchana, Autoruns ndiyo yako. Ina kitu ambacho nakisisitiza kwa kila mteja: siku mashine ikiwa safi, fungua File, kisha Save, uhifadhi orodha nzima kama faili la .arn. Mambo yakiharibika miezi sita baadaye, fungua File, kisha Compare, nayo itakuonyesha kilichoongezeka tu. Badala ya kusoma mistari mia tatu, unasoma minne.

Fundi abebe zote tatu za kupakua kwenye flashi yenye kitufe cha kuzuia kuandikwa. Bila kitufe hicho utakuwa wewe ndiye unayesambaza ugonjwa mtaa mzima.

Na kama zana zote zinasema mashine ni safi huku mwenendo wake unakataa, kuna uwezekano kitu kimejificha chini ya Windows yenyewe. Hapo usibishane nacho kikiwa hai. Endesha uchunguzi wa Microsoft Defender wa nje ya mtandao, ambao huwaka kabla ya Windows.

Kwa mama tulifuata mpangilio huu. Process Explorer ilionyesha wscript.exe chini ya explorer.exe, na Autostart Location ikataja ufunguo wa Run wa mtumiaji. Niliiua kwanza, kwa sababu skripti za namna hii hujiandika upya kwenye Rejista kila baada ya muda mfupi zikiwa hai. Ukianza na Rejista, unafuta mbele na yenyewe inaandika nyuma. Kisha Autoruns, ambapo tulikuta si sehemu moja bali mbili: ufunguo wa Run, na nakala ya pili ya .vbs kwenye folda la Startup. Hiyo ya pili ndiyo ingetuvunja moyo. Tukatoa tiki zote mbili, tukafuta mafaili, tukawasha antivairasi, tukaanzisha mashine upya. Task Manager ikafunguka bila wscript.

Zikabaki flashi za wateja, saba, kwenye kikopo cha plastiki pale kaunta. Mafaili hayakuwa yamepotea. Skripti huyaficha na kuweka njia za mkato zenye majina yale yale, ili ukibofya uiamshe yenyewe. Tukafuta njia za mkato na ile .vbs kwenye kila flashi, kisha kwenye Command Prompt nikaandika attrib -h -s -r /s /d E:\*.* na kubonyeza Enter. Folda zikaanza kurudi moja moja: picha za harusi, CV, ripoti ya mwanafunzi wa chuo.

“Na ikirudi?” mama akauliza.

“Ikirudi, mama, usiifunge. Iache hivyo hivyo, chomoa intaneti, unipigie. Faili la .arn nimekuwekea kwenye folda la Documents, tutalinganisha.”

Akachukua kalamu, akaandika neno hilo, .arn, kwenye karatasi, akaibandika juu ya skrini kwa selotepu.